Kumfikisha Mhitimu Kazini: Mwongozo kwa Vituo vya Mafunzo ya Vijana Tarime na Serengeti

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa dawati la ajira katika kituo cha mafunzo ya vijana, uwe Tarime mjini, Sirari, Nyamongo, Natta au Mugumu. Huenda dawati lenyewe ni meza moja kwenye kona ya ofisi ya mhasibu. Huenda pia wewe ni mwalimu wa umeme uliyeongezewa jukumu hili bila kuongezewa posho. Kazi inafanyika hata hivyo, ilimradi usiianze siku ya mahafali.

Hapo ndipo vituo vingi vinapoteleza. Kozi inaisha, vyeti vinagawiwa, mgeni rasmi anahutubia, halafu Jumatatu yake mtu anatumwa mjini kuuliza nani atawapokea mafundi cherehani wote hawa. Mwajiri hakuulizwa kitu kabla. Hakujua kozi ipo, hakumwona kijana hata mmoja akishika kifaa, na sasa anaombwa amwamini. Dawati linalofaa hutangulia kozi. Shughuli yake ya kwanza ni kuzunguka kwa waajiri, na kuwafundisha vijana kuandika wasifu kunakuja baadaye sana. Kwa waajiri wengi wa huku hakuji kabisa.

Jua unapeleka watu wapi

Wilaya hizi mbili zinapakana, lakini zina masoko ya ajira yasiyofanana, na kila soko lina mlango wake.

La kwanza ni Nyamongo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu 2019 uko chini ya Barrick. Serikali ina hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Karibu kila kijana wa Tarime anayejifunza ufundi anauota. Mwambie ukweli mapema: mitambo mikubwa haikabidhiwi mtu aliyetoka darasani jana. Mlango wa mhitimu mpya ni kwa wakandarasi na wazabuni wanaouhudumia mgodi, yaani wanaopika, wanaosafisha, wanaosafirisha wafanyakazi, wanaojenga, wanaolinda na wanaotengeneza magari madogo. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawataka wenye leseni na wakandarasi wao wawe na mipango ya kuajiri na kufundisha Watanzania. Kwa hiyo mkandarasi unayemwendea ana jambo la kutolea taarifa, nawe unaweza kumsaidia alipate. Usimwendee na bahasha ya vyeti. Muulize mkataba wake unaisha lini, na ukiongezwa muda atahitaji watu wa aina gani. Jibu la swali hilo lina faida kuliko barua 20 za maombi.

Nyamongo kuna jambo jingine ambalo vituo hulisahau. Tangu Sheria ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2017, kampuni ya madini huandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ina makao yake Nyamwaga. Fedha za mipango ya namna hii tumezoea kuziona kwenye madarasa na zahanati, na ni sawa. Lakini vifaa vya kuanzia kazi kwa wahitimu, au posho ya chakula na nauli kwa wanagenzi, navyo vinaweza kuombewa nafasi. Ombi lipitie kijiji na kata mapema, kabla mpango haujafungwa. Ukifika baada ya vikao utapewa pole tu.

La pili ni utalii wa Serengeti. Hapa ratiba ya kozi ifuate nyumbu. Kati ya Mei na Julai makundi hupita ukanda wa magharibi, upande wa Grumeti, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, Kogatende na Mto Mara. Aprili na Mei ni masika: wageni hupungua na baadhi ya kambi hufungwa. Sasa tazama kalenda ya kituo chako. Kozi ya upishi au ya usafi wa vyumba ikiisha mwishoni mwa Oktoba, unawatoa wapishi wakati kambi za kaskazini zinapunguza watu. Ikiisha Machi, vijana wanafanya mazoezi Aprili na Mei na wanaingia msimu unapoanza. Badiliko hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mkuu wa kituo akubali kuhamisha tarehe.

Masika hiyo hiyo ina neema yake kwa mafundi wengine. Kambi inapofungwa ndipo inapokarabatiwa: seremala anaitwa, fundi bomba anaitwa, fundi umeme anaitwa, na turubai zilizochanika na foronya zilizochakaa zinatafuta fundi cherehani. Meneja wa kambi huamua kazi hizo wiki kadhaa kabla. Mpigie Februari. Akikwambia ana fundi wake kutoka Arusha, muulize fundi huyo anahitaji wasaidizi wangapi. Kijana wa Natta aliyefanya kazi wiki tatu chini ya fundi wa Arusha amepata mwalimu na mdhamini kwa mpigo mmoja.

Katika vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambavyo ni Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Natta Mbiso, viongozi wa jumuiya hukaa meza moja na wawekezaji. Waombe wakupe nafasi kwenye kikao kimoja kwa mwaka uwaeleze wawekezaji kituo chako kinatoa mafundi gani na lini. Kikao kimoja kinatosha ukiwa umejiandaa.

La tatu ni miji yenyewe: Tarime, Sirari, Mugumu. Hapa kuna gereji, karakana za uchomeleaji, maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine za kusaga, migahawa, saluni. Hakuna afisa rasilimali watu na hakuna tangazo la kazi. Bosi ndiye keshia na ndiye msimamizi. Anaajiri mtoto wa ndugu au kijana aliyeletwa na fundi anayemwamini, na mara nyingi kazi huanza kama deiwaka. Soko hili ndilo linalopokea wahitimu wengi kimyakimya, nalo ndilo vituo hulidharau, kwa sababu picha ya kijana kwenye gereji ya mabati haipendezi kwenye ripoti kama picha ya kijana mwenye kofia ngumu ya mgodini.

Sirari ina jaribu lake. Kuvuka kwenda Isebania ni rahisi, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limekuwepo tangu Julai 2010, lakini anayekwenda kuajiriwa Kenya bado anahitaji kibali cha kazi. Mweleze kijana hivyo kabla hajavuka kwa mguu na kukaa miezi sita akilipwa nusu kwa kuwa hana karatasi.

Ziara kwa mwajiri

Nunua daftari kubwa. Kompyuta ukiwa nayo ni vizuri, lakini daftari halikatiki umeme. Kila mwajiri apate ukurasa wake: jina la biashara, ilipo, simu ya mwenye uamuzi (si ya mlinzi), watu wangapi anaajiri, analipa kwa siku au kwa mwezi, na tarehe ya mara ya mwisho ulipozungumza naye.

Ziara ya kwanza usiombe kazi. Msalimie mzee wa karakana kwa heshima yake, keti kama amekukaribisha, kisha uliza. Kijana wake wa mwisho alimpata wapi? Aliyemtangulia aliondoka kwa nini? Ni kazi gani huwa anaikataa kwa kukosa fundi wa kuifanya? Ana mashine gani ambayo kituo chako hakina? Swali la kuondoka ndilo lenye dhahabu. Mara nyingi utasikia kwamba aliyeondoka alijua kazi vizuri, ila alichelewa, hakuaga alipokwenda msibani, alijibizana na mteja, au nyundo ilipotea mikononi mwake. Rudi na majibu hayo darasani. Ukisikia habari ya kuchelewa kwa waajiri watano, basi mafunzo yaanze saa moja na nusu kamili na lango lifungwe.

Ziara ya pili mwalike. Aje siku ya mtihani wa vitendo aketi na mwalimu, awatazame vijana wakichomelea. Bosi aliyemchagua fundi kwa macho yake hatakulaumu baadaye, na kijana aliyechaguliwa anaingia kazini akiwa na jina.

Kwa waajiri wakubwa kidogo una hoja ya ziada. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoendesha VETA. Ni haki yake kutaka kuona matunda. Mwambie pia kwamba serikali inayo programu ya kukuza ujuzi yenye mafunzo ya uanagenzi, ambamo kijana hujifunza sehemu kubwa ya kazi kwa mwajiri. Wengi hawajasikia. Na ukitaka mfano wa mafunzo yaliyoanzia kwa mwajiri, upo VETA Moshi, ambako kuanzia 2009 kampuni za migodi zilishirikiana na VETA kuwafundisha vijana ufundi wa migodini kwa ufadhili wa kampuni zenyewe. Kijana anayesomeshwa na mgodi hahitaji dawati la kumtafutia mgodi.

Nani afanye ziara hizi? Mtu anayejulikana na anayejua kusikiliza, anayezungumza Kikurya, au Kijaluo, au Kingoreme, kutegemea anakokwenda. Shahada si lazima. Pikipiki na vocha ni lazima. Mtu mmoja hawezi kuhudumia Sirari na Mugumu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama mradi wako uko katika wilaya zote mbili, weka watu wawili wanaosoma daftari moja. Na hapa niseme wazi jambo ambalo watu hulisema pembeni: nafasi zisifuate ukoo wa mratibu. Tarime kila mtu anajua nani wa wapi. Orodha ya waliopelekwa kazini ibandikwe ubaoni, na sababu ya kila mmoja kuchaguliwa iwe inaelezeka.

Karatasi

Vijana wengi wanakosa kazi ambayo mikono yao inaiweza kwa sababu ya karatasi. Siku ya kwanza ya kozi, si ya mwisho, hakikisha kila mmoja ana cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, au ameanza kuvifuatilia. Mpakani maswali ya uraia huwa mengi na majibu huchukua muda, hivyo miezi ya kozi ndiyo miezi ya kufuatilia. Ongeza laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na wadhamini wawili wanaopokea simu.

Kuhusu cheti cha ufundi usikubali ujanja. Miradi mingi ya miezi mitatu hutoa cheti chenye nembo nzuri ambacho mwajiri hakitambui. Utafiti uliofanywa Uganda pamoja na shirika la BRAC, ukachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica, uliwafuatilia kwa miaka kadhaa vijana waliosoma ufundi vyuoni na wengine waliofundishwa kazini moja kwa moja. Makundi yote mawili yaliongeza kipato. Lakini waliotoka vyuoni na cheti kinachotambulika walizidi kusonga mbele, kwa kuwa walipopoteza kazi moja waliweza kuipata nyingine, ilhali ujuzi wa waliofundishwa kazini ulijulikana na bosi mmoja tu. Wapeleke wanafunzi wako kwenye tathmini ya VETA hata kama ni kwa ngazi ya kwanza tu. Na kijana aliyekulia gereji bila kukanyaga darasa, mwelekeze kwenye urasimishaji wa ujuzi: VETA humpima anachokijua na kumpa cheti. Chuo cha VETA cha mkoa kiko Musoma.

Kumpeleka

Ukipata nafasi moja, peleka watu wawili wanaoifaa. Usipeleke kumi ili waone unafanya kazi. Mwajiri aliyechoshwa na foleni hatapokea simu yako tena.

Usiahidi usaili ambao huna. Watafiti hao hao wa Uganda waliendelea kuwafuatilia vijana kwa miaka sita na wakakuta jambo la kustua: mafundi waliopewa huduma ya kuunganishwa na waajiri, halafu wakakosa kuitwa, walikata tamaa, wakashusha matarajio yao na kuishia kwenye kazi duni kuliko wenzao walioachwa watafute wenyewe. Huduma mbaya ya ajira inaumiza. Mwambie kijana idadi halisi: mwaka jana tulipeleka wangapi kwa waajiri wa aina hii, na wangapi walichukuliwa. Akijua kwamba kukosa mara tatu ni kawaida, hatasoma kukosa mara moja kama hukumu.

Halafu kuna mwezi wa kwanza. Kijana wa Nyamwaga aliyepata kazi Mugumu anahitaji nauli, chumba, viatu vya usalama na chakula hadi mshahara utoke. Nyumbani wanamwambia asubiri wauze mbuzi, na nafasi haisubiri mbuzi. Tenga mfuko mdogo wa kuanzia kazi, mkopo usio na riba unaorudishwa kwa simu katika miezi mitatu. Kama bajeti hairuhusu vyote, punguza gharama za mahafali kwanza.

Wanaokwenda kambini waandae kwa maisha ya huko: wiki nyingi mfululizo ndani ya pori, mtandao wa kubahatisha, Kiingereza cha kila siku, na hakuna kutoka jioni. Wazazi nao waelezwe. Mama asiyejua mwanawe yuko wapi atamwita nyumbani msiba wa kwanza ukitokea.

Na madalali. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa amesajiliwa chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999. Mtu wa stendi anayedai "hela ya fomu" ya mgodini au ya hoteli ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Anayeahidi kazi za ndani Uarabuni bila mkataba uliopitia mamlaka za kazi ni hatari zaidi.

Wasichana

Vituo vingi vinawasukuma wasichana kwenye ushonaji na saluni bila kuhesabu cherehani zilizokwisha kujaa kwenye varanda za Tarime. Waulize waajiri wako kuhusu fundi umeme mwanamke, dereva, mpishi mkuu, mtunza stoo. Jibu halitakuwa "hapana" kila mahali.

Wapo wanaohitaji uangalifu wa pekee. Wasichana waliokimbia ukeketaji wakapokelewa katika nyumba salama, kama ile ya Masanga au ya Mugumu, mara nyingi hujifunza ufundi humo humo. Usimtafutie kazi msichana wa namna hii kwenye kijiji alichokimbia, hasa Desemba, msimu wa kukeketa unapofika. Shauriana na walezi wake na dawati la jinsia la polisi kuhusu mahali, na jina lake lisibandikwe ubaoni pamoja na mahali alipo.

Kwa wote, kagua malazi kabla. Nani ana ufunguo wa chumba? Choo kiko wapi? Usiku anarudi na nani? Na mwambie wazi kwamba bosi anayetaka mwili wake ili ampe kazi anatenda jinai: rushwa ya ngono imo katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU hupokea malalamiko. Mwajiri wa hivyo anafutwa kwenye daftari hata kama anachukua watu kumi kwa mwaka. Aliye chini ya miaka 18, wa kike au wa kiume, sheria hairuhusu aajiriwe mgodini.

Baada ya kuingia

Piga simu wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Zungumza na kijana na bosi, kila mmoja peke yake. Kwa bosi inatosha kusema: "Shikamoo mzee. Kijana wetu anaendeleaje? Kama kuna kazi inamshinda, nimrudishe darasani Jumamosi mbili." Ahadi hiyo ya Jumamosi, ukiitimiza, itakupatia nafasi nyingine tatu.

Kwa kijana, uliza kuhusu mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi, saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kwa gereji ndogo usianze kwa kutishia sheria, anza na maelewano yaliyoandikwa kwenye karatasi moja. Ajue pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yule, na baada ya hapo anayeachishwa ana siku 30 tu za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hupoteza haki yao wakisubiri bosi "apoe".

Wapo ambao hawataajiriwa, na wengine hawataki. Wapange katika vikundi mapema waombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wana asilimia 4 yake. Kikundi cha wachomeleaji na maseremala kijisajili pia kwenye mfumo wa zabuni wa NeST, kwa kuwa taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Madawati ya shule za Tarime yanaweza kutengenezwa Tarime.

Mwisho wa mwaka mfadhili atataka idadi. Mpe tatu: walioanza kazi, waliokuwa bado kazini baada ya miezi sita, na wanaofanya kazi waliyoisomea. Ya tatu itakuwa ndogo na itakuuma. Iandike hivyo hivyo, kisha uitumie kwenye kikao cha kupanga kozi za mwaka unaofuata. Kozi ambayo wahitimu wake wa mwaka jana hawajulikani walipo isitangazwe tena hadi wapatikane.